Habari za Kiatu Kinachong'aa

Vitu tuvitumiavyo kila siku ndivyo tusivyoviuliza asili yake. Mwanafunzi wa shule ya sekondari huamka alfajiri, huoga, huvaa sare, kisha huchukua brashi na kopo la rangi akavipiga viatu vyake vyeusi vya ngozi mpaka ving'ae, kwa kuwa ajua mwalimu wa zamu atavitazama katika mstari wa asubuhi. Hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, wala hajiulizi ni nani aliyeamuru kwamba kiatu sharti king'ae. Hajiulizi kadhalika watu walifanyaje kabla kopo lile halijaletwa dukani. Wala hajiulizi kwa nini wazee wake, walioishi katika nchi iliyojaa ng'ombe na ngozi, walisimama miguu mitupu mbele ya watu wenye viatu. Maswali haya matatu yana majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo yapatikana katika mji mmoja wa Kenya, nao ni Eldoret.

Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, penye mto Sosiani. Asubuhi zake ni za baridi. Toka Desemba hata Machi upepo hupeperusha vumbi likaingia katika kila mshono wa kiatu. Mvua zikianza, matope hushika soli kama gundi. Nchi ya namna hiyo ni mtihani mgumu kwa kiatu cha ngozi. Ukimwona mtu apita katika barabara ya Uganda Road mwezi wa Mei, na viatu vyake vinang'aa, jua kwamba ama amefanya kazi, ama amemlipa mtu aliyeifanya. Habari nitakazokueleza ni za kazi hiyo, na za mikono iliyoifanya.

Tuanze na ngozi yenyewe, kwa kuwa asiyejua ngozi ni kitu gani hawezi kuitunza. Ngozi ya ng'ombe imefumwa kwa nyuzi ndogo ndogo za protini. Mnyama akichunwa, ngozi mbichi ikiachwa hivi hivi huoza. Ikikaushwa juani huwa ngumu kama ubao, na ikilowa tena huoza kana kwamba imechunwa jana. Wafugaji wa uwanda huu waliyajua hayo tangu kale. Waliiwamba ngozi chini kwa vigingi, wakakwangua nyama iliyosalia, kisha wakaisugua kwa mafuta ya mnyama, au samli, au mafuta ya mbarika, mpaka ikalainika ikafaa kuvaliwa. Kwa ngozi nene ya maksai walikata ndara za kuzuia miiba. Ndara hizo hazikung'arishwa, bali zilipakwa mafuta. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Mafundi wa nchi nyingine walikwenda hatua moja zaidi. Waliona kwamba ngozi ikilowekwa katika maji yaliyochemshwa na magome ya miti fulani, haiozi tena, hata ikilowa. Leo twajua sababu. Katika magome hayo mna kitu kiitwacho tanini, nacho hujishikamanisha na nyuzi za protini hata maji na vijidudu visiweze kuzitengua. Ngozi iliyokwisha kupita hapo hudumu miaka mingi, lakini haiachi kuwa ngozi. Ingali ina vinyweleo, hunywa maji na jasho, hukauka, hupasuka. Apigaye kiatu rangi apaka kitu ambacho hapo zamani kilikuwa mwili.

Pamoja na kuwa ngozi, kiatu kilikuwa cheo. Katika miji ya pwani, kama Unguja na Lamu, mwungwana alijulikana kwa kanzu, kilemba na makubadhi yake. Mtumwa naye alijulikana kwa kichwa kitupu na miguu mitupu. Utumwa ulipofutwa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya waliotoka utumwani ni kubadili mavazi. Wanawake walijitwalia kanga na nguo za kufunika kichwa, wanaume wakajitwalia kanzu, kofia na viatu. Hawakungoja kupewa ruhusa. Nimelitaja jambo hili la pwani kwa sababu desturi ile ile ya kumpima mtu kwa nyayo zake ilipanda bara pamoja na reli, ikiwa na sura nyingine na mabwana wengine.

Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza, na vita vya Wanandi vya kuilinda nchi yao vikazimwa. Miaka mitatu baadaye, yaani 1908, kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini waliongozwa na Jansen van Rensburg wakaupanda uwanda kwa magari ya kukokotwa na maksai. Serikali ya kikoloni iliigawa nchi katika mashamba na kuyatia nambari. Katika shamba nambari 64 pakafunguliwa posta mwaka 1910, na kijiji kilichoota hapo kikaitwa kwa nambari hiyo kwa Kiingereza. Wenyeji wakaitamka kwa ulimi wao, wakapaita Sisibo. Mwaka 1912 pakapewa jina la Eldoret. Makaburu hao walikuwa watu wa ngozi: kamba za magari yao zilikuwa za ngozi, mijeledi yao ya ngozi, na wengi walijua kujishonea viatu vya ngozi isiyotiwa rangi. Kiatu cha kung'aa hakikuwa chao. Kilikuja na maofisa wa Kiingereza, makarani wa benki na wenye mashamba waliosoma Ulaya, nacho hakikuja peke yake. Kilikuja na desturi kwamba mwenye kukivaa hakipigi rangi mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa ya boi. Neno hili lilimwangukia kila Mwafrika aliyetumika nyumbani mwa Mzungu, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Boi alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akafunga mshipi, na miguu yake ilikuwa mitupu, kwa kuwa viatu havikuwa katika sare yake. Kabla bwana hajaamka, boi alichukua viatu vilivyoachwa nje ya mlango, akavifuta matope, akavipaka rangi, akavisugua, akavirudisha vikiwa jozi sawasawa. Basi ikawa katika nyumba hizo yule asiye na viatu ndiye aliyekuwa bingwa wa kuvitunza. Alizijua tabia za ngozi kuliko mwenyewe: aina hii yanywa rangi nyingi, aina hii yapasuka penye mkunjo, hii haitaki maji. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Wanahistoria wametuandikia majina ya magavana mmoja mmoja, na sina ugomvi nao kwa hilo. Lakini habari za ufundi wa boi utazitafuta katika vitabu vyao mpaka uchoke.

Jeshini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Askari wengi wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, walipigana Vita Kuu ya Kwanza pasipo viatu. Wachukuzi wa mizigo, ambao jina la kikosi chao lilituachia Kariakoo ya Dar es Salaam na mtaa wa Kariokor wa Nairobi, walitembea kutoka Kenya hata kusini ya Tanganyika kwa nyayo zao. Wengi sana walikufa, na walikufa zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Katika Nairobi liko sanamu la ukumbusho wao, lililosimamishwa mwaka 1928, na maandishi yake huwataja wachukuzi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno ni mazuri. Lakini jeshi hilo lilijua kuvika miguu ya maofisa wake tu.

Fauka ya hayo, udongo ulikuwa na adui mpya. Funza, mdudu aingiaye katika vidole vya miguu, si mwenyeji wa Afrika. Alivushwa kutoka Brazili, akaonekana Angola mwaka 1872, akasafiri na misafara akawasili Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Mtu asiye na viatu alimkaribisha pasipo kujua. Safura nayo, ambayo minyoo yake hutoboa nyayo na kunywa damu tumboni, iliwadhoofisha watu wazima na watoto. Ilipofika Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kugeuka. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Burma walipewa buti, wakafundishwa kuzipiga rangi, wakakaguliwa. Waliporudi makwao baada ya 1945 walirudi na buti, na pamoja nazo walirudi na swali: iweje aliyevishwa viatu ili apigane aambiwe avivue akija kutafuta kazi?

Hapa ndipo tunaposimama kidogo kulitazama lile kopo. Kabla ya karne ya 20, rangi ya viatu ya Ulaya ilikuwa tope jeusi la masizi au mkaa wa mifupa, lililochanganywa na siki, sukari guru na mafuta. Mwaka 1824 mtoto wa miaka 12 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha rangi hiyo katika London, kazi yake kuvifunika vyombo na kuvibandika karatasi, baba yake akiwa kifungoni kwa deni. Mtoto huyo ni Charles Dickens, ambaye baadaye vitabu vyake vilisomwa dunia nzima, na aibu ya siku zile hakuisahau mpaka alipokufa. Kazi ya kung'arisha viatu, waona, imewadhili wengi kila mahali, hata miongoni mwa wale waliovivaa.

Rangi ya nta ya kopo, ile tuijuayo sisi, ilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 William Ramsay wa Melbourne, katika Australia, alianza kuuza rangi aliyoiita Kiwi, kwa jina la ndege asiyeruka wa Nyuzilandi, nchi ya mkewe. Vita vya 1914 hadi 1918 viliipeleka miguuni mwa majeshi ya Waingereza, na majeshi yakaieneza duniani. Katika miji yetu jina hilo lilishika hata wako wasemao kwamba wanapiga kiatu kiwi, ingawa kopo walilolishika ni la kampuni nyingine kabisa. Ndani ya kopo la namna hiyo mna nta, rangi na tapentaini au mafuta mengine yanayoyeyusha nta na kuruka hewani upesi. Nta iliyo ngumu na yenye kung'aa kuliko zote ni ya karnauba, nayo hukwanguliwa katika majani ya mti wa jamii ya mivumo uotao kaskazini-mashariki ya Brazili. Nchi iliyotuletea funza ndiyo iliyotuletea nta ya kiatu cha kumzuia funza! Sijui kama kuna bahari nyingine iliyoleta maradhi na dawa kwa kiasi kilicholingana namna hiyo.

Walakini usidhani kwamba kila kitu kilitoka ng'ambo kuja kwetu. Uasin Gishu nayo ilitoa kitu chake kikaenda kuvalisha miguu ya dunia. Kitu hicho ni gome la miwati. Mti huo ni mwenyeji wa Australia, ukaletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Hukua upesi, na baada ya miaka saba hadi kumi huwa tayari kukatwa. Thuluthi moja ya uzito wa gome lake kavu, na pengine zaidi, ni tanini tupu. Uwanda unaouzunguka Eldoret ulimfaa mno. Katika miaka ya katikati ya karne ya 20 kampuni ya East African Tanning Extract, iliyojulikana kwa kifupi kama EATEC, ilikuwa na mashamba makubwa ya miwati na kiwanda chake mjini Eldoret. Ilikuwa tawi la kampuni ya Forestal, ambayo utajiri wake wa kwanza ulitoka katika miti ya tanini ya Ajentina. Baadaye iliingia mikononi mwa kampuni ya Lonrho.

Vibarua waliangusha mti, wakalibandua gome kwa vipande virefu, wakayafunga matita, yakapelekwa kiwandani. Humo yalikatwakatwa, yakachemshwa, na maji yake yakakaushwa mpaka yakawa kitu kigumu chekundu-kahawia, chepesi kusafirisha. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ilikuwapo tayari kukibeba. Kilipelekwa Mombasa, kikapanda meli, kikaishia katika mapipa ya viwanda vya ngozi vya Ulaya na kwingineko. Tanini ya miwati yafaa hasa kwa ngozi nzito, yaani ngozi ya matandiko ya farasi na ya soli. Maksai aliyechinjwa mbali, gome lililobanduliwa Uasin Gishu, na fundi asiyejua Eldoret iko wapi, walikutana chini ya mguu wa bwana mmoja akitembea katika barabara ya London. Na kibarua aliyelibandua gome hilo, katika miaka ya ukoloni, aghalabu alikuwa pekupeku.

Viatu vya bei nafuu vilianza kupatikana kwa wingi Bata ilipojenga kiwanda Limuru, karibu na mwaka 1940. Kampuni hiyo ilianzishwa na Tomáš Baťa na ndugu zake katika mji wa Zlín mwaka 1894, na ufundi wake mkubwa ulikuwa kutengeneza viatu vingi vya namna moja ili bei ishuke. Wasioweza kununua hata hivyo walivaa akala, zilizokatwa katika magurudumu makuukuu ya magari, nazo zilidumu kuliko kiatu cho chote cha dukani. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, makarani, waalimu na polisi waliojaza ofisi za Eldoret walikuja na viatu vya ngozi. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya boi aliketi nyuma ya meza, na chini ya meza miguu yake ilikuwa imevikwa. Wako wanaocheka upesi wakimwona mzee wa kizazi hicho, mwenye suti iliyopauka na viatu vyenye kung'aa kama kioo, akienda kanisani au barazani. Mimi sichekeshwi naye. Kiatu kile alikitazama miaka thelathini kikiwa mkononi mwake kabla hajakitia mguuni.

Sasa, msomaji, sikiliza namna kazi yenyewe ifanywavyo, nami nitaitaja pamoja na sababu zake, maana amri isiyo na sababu husahauliwa upesi. Kwanza toa kamba zote. Wengi huziacha kwa uvivu, rangi ikazichafua, na vumbi lililojificha chini ya ulimi wa kiatu likabaki pale pale likisaga ngozi kama msasa. Matope usiyaguse yangali mabichi. Yakikauka huanguka kwa brashi ngumu, bali yakisuguliwa mabichi huingia katika vinyweleo. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, ukiache kiatu kikauke kivulini.

Neno hilo la kivulini nalikazia. Katika uwanda wa Uasin Gishu mvua hupiga alasiri na usiku ni baridi, na watu wengi huvianika viatu vilivyolowa kando ya jiko la makaa. Moto hufukuza maji, ni kweli, lakini huyafukuza na mafuta aliyoyatia mtengenezaji. Nyuzi za ngozi hukakamaa, na kesho yake kiatu kinapokunjika penye vidole hupasuka. Ufa huo hauzibwi na rangi ya namna yo yote. Jaza kiatu gazeti kuukuu, ulibadilishe likilowa, na ukilaze kiatu ubavu ili soli nayo ipate hewa. Vitabu vya ng'ambo hushauri kwamba jozi moja isivaliwe siku mbili mfululizo, ipumzike juu ya kalibu ya mti. Ni shauri jema kwa mwenye jozi mbili. Mwenye jozi moja na atumie gazeti lake usiku, na siku ya Jumapili akirudi ibadani avae ndara.

Lile jambo nililokuomba ulikumbuke ni hili: nta hukaa juu ya ngozi, mafuta huingia ndani. Kopo la rangi huipa ngozi sura na huikinga na maji, lakini halitoshi kuilainisha, na kiatu chaweza kung'aa juu huku ndani kimekauka kama gome. Wafugaji wa kale, waliopaka mafuta wala wasijali kung'aa, waliutunza mwili wa ngozi. Maofisa waliotaka kung'aa waliutunza uso wake. Kiatu chataka yote mawili. Mara moja au mbili kwa muhula, kabla ya kupiga rangi, paka mafuta kidogo sana ya ngozi, uyaache usiku kucha, asubuhi ufute yaliyobaki. Yakizidi, kiatu kitalegea na kushika vumbi. Mafuta ya kupikia usitumie kamwe, kwa kuwa huvunda. Wala usidanganyike na zile chupa zenye sifongo mdomoni, ambazo hung'arisha kiatu kwa dakika moja. Nyingi kati yake huacha utando mithili ya plastiki, nao ukikauka hupasuka pamoja na rangi iliyo chini yake.

Ukija kwenye rangi yenyewe, kidogo ndicho kingi. Ipake kwa kitambaa, ikae dakika kumi hivi mpaka tapentaini iruke na nta ishike. Kisha chukua brashi ya manyoya ya farasi usugue kwa mikono myepesi na ya haraka. Msuguano huo hutia joto, joto huilainisha nta, nayo hujisawazisha ikajaza vishimo vidogo vya ngozi. Uso uliosawazika hurudisha mwanga upande mmoja kama maji yaliyotulia, na huko ndiko kung'aa. Askari huongeza jambo moja. Huzungusha kitambaa katika vidole viwili, hugusa nta kidogo, hudondosha tone la maji, na kuchora viduara vidogo vidogo saa nzima penye ncha na kisigino. Maji huipoza nta na kuzuia kitambaa kisiing'oe. Hawafanyi hivyo mahali kiatu kinapokunjika, kwa sababu nta nene hapo hupasuka katika hatua ya kwanza.

Ufundi huo waweza kuuona karibu na Eldoret penyewe, maana ndipo palipo shule ya makurutu ya jeshi la Kenya, katika kambi ya Moi Barracks. Siku ya gwaride la kufuzu vijana husimama safu kwa safu, na buti zao zatoa mwanga. Kila mmoja amezipiga mwenyewe, wala hapana boi. Mjini nako, katika baraza za maduka, mpiga viatu rangi huketi chini na mteja huketi juu ya kiti kilichoinuliwa, akisoma gazeti. Chombo chake cha thamani kuliko vyote ni mswaki mkuukuu wa kufikia mshono wa soli. Hulipwa papo hapo, hujiwekea bei, na akikataa kiatu kilicholowa hakuna awezaye kumlazimisha. Yapata mwaka 2023 ilitangazwa kwamba rangi ya Kiwi haitauzwa tena Uingereza, kwa kuwa watu wa huko wamepunguza kuvaa viatu vya ngozi. Katika baraza za Eldoret kopo bado lafunguliwa kila asubuhi. Viatu vingi vinavyoletwa hapo ni vya mitumba, vilivyoshonwa Ulaya miaka mingi iliyopita, vikavaliwa na watu wasiojulikana, vikatupwa, vikavuka bahari, vikapata soli mpya na mguu mpya. Wakimbiaji mashuhuri walioupa mji huu sifa duniani hawamletei kazi, kwa sababu viatu vyao vya mbio ni vya nyuzi na sifongo, havijui nta.

Miwati yenyewe imepungua. Soli za mpira na plastiki zilipunguza haja ya tanini, na viwanda vingi vya ngozi vilikwisha kugeukia chumvi za kromu, zinazoilainisha ngozi kwa siku chache badala ya majuma mengi. Mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii mashamba ya EATEC yaligawanywa yakauzwa, na si bila manung'uniko ya wenyeji kuhusu waliouziwa. Pale palipokuwa na misitu ya magome leo pana mahindi, ngano na nyumba, na tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji. Hata hivyo miti ya miwati ingalipo katika mipaka ya mashamba na kando ya njia, yenye maua ya manjano hafifu, na watu huikata kwa kuni na makaa. Ukipita karibu nayo, bandua kipande kidogo cha gome ulichovye ncha ya ulimi. Utasikia ukali wa kukaza kinywa, mfano wa chai ya rangi iliyokaa mno jikoni. Hiyo ni tanini inayoshika protini za mate yako, kwa kazi ile ile iliyoifanya miaka mingi katika soli za watu wa mbali.